Mazoezi ya Mwili na Tabia ya Mtu

Mtu atakaye shauri siku hizi juu ya mazoezi ya mwili huambiwa kwanza aitazame tabia yake na mwendo wa maisha yake. Akiwa mcheshi apendaye watu, atafute kundi. Akiwa mkimya, aende peke yake. Akiwa mwepesi wa kuchoshwa na jambo moja, alibadilishe kila wiki. Akiwa na kazi ya kukaa, asimame. Shauri hili hutolewa kwa upole, na upole wake ndio unaolifanya lipokewe bila kuhojiwa. Mimi naona lina ukweli mkubwa, lakini ndani ya ukweli huo pana dai ambalo halisemwi wazi. Dai lenyewe ni kuwa tabia ya mtu ni kipimo kilichokwisha kuchukuliwa, na zoezi ni nguo itakiwayo kushonwa kwa kipimo hicho. Kimo cha mtu mzima hakibadiliki kwa kuvaa kanzu. Tabia hubadilika, na miongoni mwa vitu viibadilishavyo ni kazi ambayo mwili huifanya kila siku. Kiswahili chenyewe kimelijua jambo hili tangu zamani, maana zoezi ni mtoto wa kuzoea. Basi nauliza: mtu achague zoezi lililo mfano wa tabia yake, au lililo kinyume chake? Na kabla ya hapo, ni nani aliye na nafasi ya kuchagua?

Maswali haya heri yachunguzwe mahali, maana mazoezi hayafanywi hewani. Nimechagua Malindi; si mji wa Kenya wenye jina hilo, bali mtaa wa upande wa kaskazini wa Mji Mkongwe wa Unguja, wenye bandari, soko la samaki, na msikiti wa kale ambao mnara wake una umbo la pia. Hapo karibu, katika njia ya Mizingani, limesimama jumba ambalo tajiri Tharia Topan alihusika na kuwekwa kwa jiwe lake la msingi mwaka 1887, likatumika kwa miaka mingi kama zahanati. Katika mwendo wa dakika chache hukutana hapo, alfajiri, miili iliyozoezwa na maisha mbalimbali. Hamali husukuma rikwama yenye mzigo uliomzidi kimo. Mvuvi aliyekesha baharini hupandisha samaki sokoni. Karani huelekea ofisini ambako atakaa mpaka alasiri. Juu yao, katika ghorofa ya pili au ya tatu, bibi mwenye maradhi ya sukari na presha husikia nyayo zao njiani, na ngazi ya nyumba yake, iliyo nyembamba na ya kusimama, humfanya afikiri mara mbili kabla ya kushuka. Wote wanne wakienda kwa tabibu mmoja siku moja, huenda wakapewa agizo moja, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi. Kiasi hicho ni chema. Lakini dakika 150 za bibi si dakika 150 za hamali, na hapo ndipo shauri la kutazama tabia na maisha linapopata haki ya kusikilizwa.

Fikra ya kupatanisha zoezi na mtu si ya jana. Ibn Sina, aliyeishi tangu mwaka 980 hadi 1037, aliliweka zoezi katika kitabu cha kwanza cha Kanuni yake ya tiba, mahali anapoeleza jinsi ya kuhifadhi afya. Kwake zoezi ni mwendo wa hiari umlazimishao mtu kuvuta pumzi kubwa mfululizo. Neno la kuangaliwa hapo ni hiari. Alilitenga zoezi liletwalo na kazi ya mtu na zoezi safi lifanywalo kwa ajili yake lenyewe. Kisha akahesabu aina nyingi, zikiwemo mieleka, mbio, kupanda farasi na kutupa mishale, na miongoni mwa yale mepesi akataja kubembea na kupanda mashua ndogo. Wapemba na Waunguja waliovuka mkondo wa Nungwi wakati wa kusi watastaajabu kusikia kuwa chombo kilihesabiwa katika mazoezi ya upole.

Tiba hiyo ilifika pwani yetu, na masalio yake yamo katika lugha. Mtu asemaye kuwa chakula hiki ni cha baridi na kile ni cha joto, hali vyote viwili vinatoka jikoni vikifuka moshi, ni mwanafunzi wa waganga wale bila ya kuwasoma. Katika elimu yao mwili ulitawaliwa na vitu 4, yaani damu, safura, balghamu na sauda, na mtu alikuwa alivyo kwa kadiri ya kile kilichozidi ndani yake. Safura imebaki katika Kiswahili, ila imeshuka cheo: nyongo ya manjano iliyodhaniwa kumfanya mtu mkali imekuwa jina la maradhi yaletwayo na minyoo. Elimu ya leo imeitupa hesabu ya vitu 4, na imefanya vyema. Lakini waganga hao waliacha kanuni moja ambayo haikuzeeka pamoja na nyongo zao, kwamba afya huhifadhiwa kwa mfano wake, na maradhi hutibiwa kwa kinyume chake.

Mshauri wa leo asemaye mtu achague kilicho mfano wake ameshika nusu ya kwanza ya kanuni hiyo na kuisahau ya pili. Huchukulia kuwa tabia ya kila mtu ni afya, na kazi iliyobaki ni kuihifadhi. Je, ukimya wa karani wetu ni afya au ni maradhi? Kuna ukimya ulio utulivu wa moyo, na kuna ukimya ulio woga. Mwenye ukimya wa kwanza aweza kutembea peke yake kila alfajiri toka Malindi hadi Mnazi Mmoja, akarudi ametua. Mwenye ukimya wa pili akitembea peke yake kwa miaka 10 atapata miguu imara na woga imara. Vivyo hivyo mtu wa baraza. Kundi la mazoezi kwake ni baraza jingine lenye jasho. Hukimbia vizuri maadamu ana wa kusema naye, na wenzake wakisafiri wiki moja haamki. Anachokikosa si pumzi. Anakosa uwezo wa kukaa na nafsi yake nusu saa, na zoezi lililoshonwa kwa kipimo chake halitampa uwezo huo kamwe, kwa sababu ndilo lililomwepusha nao.

Itasemwa kuwa nimeipa miguu kazi ya roho, na kwamba tabia ni jambo moja na mwili ni jingine. Hapa pana ushahidi wa kupendeza, nao unatoka katika mabasi ya London. Mwaka 1953 tabibu Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa mchana kutwa. Kondakta, au utingo kama tumwitavyo, alipanda na kushuka mamia ya vidato vya ngazi kila siku ya kazi. Ikaonekana kuwa makondakta walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa hayakuwa makali kiasi kile. Uchunguzi huo umetajwa tangu hapo kila panapohubiriwa faida za mwendo. Lakini Morris alikuwa mtu mwaminifu katika elimu yake. Mwaka 1956 yeye na wenzake walitoa uchunguzi mwingine, uliotokana na vipimo vya sare ambazo wafanyakazi wale walishonewa. Viuno vya suruali za madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta, hata miongoni mwa vijana. Basi yamkini si kiti peke yake kilichomnenepesha dereva. Yamkini mtu wa namna fulani ndiye aliyekiendea kiti, na mtu wa namna nyingine ndiye aliyeziendea ngazi.

Napenda habari hii ya suruali kuliko ile ya kwanza iliyopata sifa. Imetuonyesha watu wakichagua, pasipo mshauri yeyote, mwendo ulio mfano wao, kisha mwendo huo ukimzidishia kila mmoja kile alichokwenda nacho. Uchaguzi wa namna hii hufanya kazi kama riba: huongeza juu ya rasilimali iliyopo, nayo rasilimali yaweza kuwa mali au deni.

Walakini haki itendwe kwa upande wa pili. Mtu akilazimishwa zoezi lililo kinyume cha tabia yake aghalabu huliacha, na zoezi lililoachwa halimtibu mtu. Mwaka 2025 wataalamu wa chuo cha UCL, London, walichapisha uchunguzi wa watu waliopewa ratiba ya wiki 8 ya kuendesha baiskeli na kutia misuli nguvu nyumbani. Wenye tabia ya uchangamfu walilifurahia zoezi kali. Wenye tabia ya wasiwasi walipendelea vipindi vifupi, na walipendelea faragha. Mpaka hapa mshauri mpole ameshinda. Lakini uchunguzi uleule ulionyesha kuwa wenye wasiwasi, walipoifuata ratiba, walipungukiwa na msongo wa mawazo kwa namna iliyo dhahiri. Aliyefurahia zaidi na aliyefaidika zaidi hawakuwa lazima mtu mmoja. Naona hapa pana mwanga wa kutosha wa kuhukumu. Tabia ipewe kuchagua saa, mahali, mwenzi na kasi ya kuanzia. Isipewe kuchagua jambo linalotafutwa. Mwenye woga aanze peke yake, alfajiri, pasipo macho ya watu, kwa miezi miwili au mitatu. Kisha siku moja ya wiki aingie uwanjani na wenzake, hata akiwa wa mwisho. Mtu wa baraza abaki katika kundi lake, ila siku moja ajizoeze kuamka bila ya kuitwa.

Zanzibar haikosi mahali pa kufanyia majaribio hayo. Vikundi vya mazoezi ni vingi, na tarehe 1 Januari imewekwa kuwa Siku ya Mazoezi ya kitaifa, ambapo vikundi hivyo hukusanyika kwa matembezi na mazoezi ya viungo. Uzuri wa mchakamchaka, kwa maoni yangu, hauko katika mapafu tu. Mkurugenzi na mpishi hupokea wimbo mmoja kwa pumzi moja, na mkurugenzi aliyezoea kuanzisha kila wimbo ofisini hujifunza kuitikia. Ikiwa tabia yake ilikuwa ya kuamrisha, amepata kinyume chake asubuhi na mapema, bure. Wapo pia wazee wasemao kuwa rakaa 17 za faradhi kwa siku zatosha kuwa mazoezi. Sipendi hoja hii. Si kwa kuwa viungo havinyooki katika rukuu na sijida, bali kwa kuwa ibada ikihesabiwa kama zoezi hupotewa na nia yake, na zoezi likihesabiwa kama ibada hupotewa na jasho lake.

Sasa tumrudie hamali, maana yote niliyoyasema bado hayajamgusa. Ukimwambia achague zoezi lililo sawa na tabia yake atacheka, na kicheko chake kina hoja ndani yake. Kwa hesabu ya dakika amekwisha kulipita agizo la wiki nzima kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza. Je, basi, ana afya kuliko karani? Mwaka 2018 wataalamu waliokusanya pamoja tafiti nyingi walichapisha matokeo yasiyotazamiwa na wengi: wanaume wenye kazi nzito za mwili walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema kuliko wenye kazi nyepesi, ilhali mwendo wa wakati wa mapumziko hujulikana kuleta siha. Wako wanaobisha, wakisema kuwa hapo umaskini wenyewe ndio uuao na kazi imesingiziwa. Na ubishi huo una uzito. Lakini sababu zinazotolewa zaeleweka na kila aliyewahi kubeba gunia. Anayekimbia kwa nusu saa hupumzika siku iliyobaki, na moyo wake hurudi chini. Anayebeba saa 8 au 10 huuweka moyo wake juu mchana kutwa, huinama kwa mgongo uleule kwa mzigo uleule, na hapumziki anapochoka bali rikwama inapokwisha. Tumerudi kwa lile neno la Ibn Sina, hiari. Misuli ni ileile na jasho ni lilelile, lakini mmoja ni bwana wa saa yake na mwingine saa yake imenunuliwa.

Kwa hiyo kinyume kimfaacho hamali ni pumziko. Ni usingizi wa kutosha, ni kunyoosha mgongo, ni maji ya kunywa na kivuli, ni gunia lililopunguzwa uzito na magurudumu mahali pa kichwa. Na hapo pana ugumu, kwa sababu hakuna moja kati ya hayo, isipokuwa labda kunyoosha mgongo, lililo katika mkono wake. Liko katika mkono wa mwenye mzigo. Na mwenye mzigo akiulizwa, ana jibu lake tayari: wamezoea hawa. Neno lilelile lililotuzalia zoezi limegeuka kuwa kifuniko cha dhuluma. Mtu hutazama mwili uliokomazwa na shida, akasema hiyo ndiyo tabia yake, na kwa kusema hivyo hujipa ruhusa ya kuuongezea gunia jingine. Watu wa mabarazani ambao hawana mizigo nao husema hivyo hivyo, kwa sifa, wakistaajabia vifua vya mahamali. Na sifa hiyo naiona ni baridi kuliko tusi.

Si mara ya kwanza Unguja kwa mtu kupangiwa mwendo kwa sababu ya tabia anayodhaniwa kuwa nayo, au anayotakiwa awe nayo. Mpira wa miguu ulipata mwanzo wake hapa katika shule ya misheni ya Kiungani katika karne ya 19, na baadaye wakubwa wa Kiingereza waliihimiza michezo ya uwanjani wakiamini kuwa ingewafundisha vijana nidhamu na utii. Vijana waliupokea mpira kwa mikono miwili. Utii ni habari nyingine. Mitaa iliunda klabu zake yenyewe, kila moja na fahari yake, na Malindi ikapata klabu yake mwaka 1942. Na yeyote aliyewahi kusimama kando ya kiwanja siku ambayo mwamuzi amekataa bao ajua kuwa somo la utii halikuingia kama lilivyokusudiwa. Nataja habari hii kwa sababu yatia moyo. Zoezi laweza kuwa limechaguliwa na mwingine, kwa nia yake, na bado mchezaji akalifanya lake.

Bibi wa ghorofani hana klabu. Hali yake ndiyo inayonitia shaka zaidi juu ya mashauri yote ya tabia, kwa kuwa husemwa wepesi sana kuwa tabia yake ni ya kukaa ndani. Bibi wa namna hiyo katika ujana wake hakukosa mwendo. Alitwanga, alichota, alikwenda harusini na kucheza mpaka usiku kuisha. Na kabla yake, wanawake wa mji walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya taratibu ambayo ilikuwa na mahali pake, saa yake na heshima yake. Kukaa ndani kulimjia pole pole, goti kwa goti. Watoto walihama, shoga zake walifariki, njia zikajaa pikipiki. Ukimpima leo utamwona ametulia, na ukimshonea zoezi kwa kipimo cha utulivu huo utamshonea kitanda.

Angefanya nini? Ngazi inayomwogofya ndiyo ileile iliyomlinda kondakta wa London. Akishuka kidari kimoja na kupanda tena mara 2 kwa siku, kisha baada ya mwezi akashuka hadi mlangoni, amepata dawa isiyouzwa. Lakini ngazi nyingi za nyumba za kale hazina mahali pa kushika, na vidato vyake vimelika katikati. Kamba nene iliyofungwa barabara ukutani huenda ikamfaa kuliko uchunguzi wowote wa nafsi yake. Na akifika chini apate mwenziwe; mkwe, mjukuu au jirani, wa kutembea naye baada ya alasiri mpaka Forodhani kwa hatua zake mwenyewe. Hapo sioni kuwa tunauliza tena juu ya tabia ya bibi. Tunauliza juu ya tabia ya nyumba yake.

Limebaki zoezi moja ambalo haliulizi tabia ya mtu hata kidogo. Wavulana wa mjini hurukia majini toka ukuta wa Forodhani, kichwa mbele, huku watu wakitazama, na hakuna aliyewapa somo wala ratiba. Dada zao husimama nyuma. Ukiuliza sababu utaambiwa kuwa kuogelea si tabia ya wasichana, na utaambiwa hivyo na watu waungwana, wenye kujali sitara. Nami siidharau sitara. Lakini kisiwa ni kisiwa kwa wote. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi, wakafa watu wengi mno, wakiwamo wanawake na watoto. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit, ikitoka Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe. Sisemi kuwa kuogelea kungewaokoa wote. Katika giza na mkondo kama ule hata mvuvi hana hakika ya nafsi yake, na lawama ya chombo kilichojazwa kupita kiasi haihamishiwi kwa abiria. Nasema tu kwamba anayejua kuelea ana dakika nyingi zaidi za kungoja mashua.

Nungwi penyewe, karibu na bahari hiyo, wasichana walifundishwa kuogelea na kuelea katika mpango ulioitwa Panje, wakivaa nguo za kuogelea za kufunika mwili mzima. Picha zao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018. Ninachokiona katika habari hii ni kuwa hakuna aliyewataka wasichana wale wabadilishe kwanza tabia yao wala ya wazazi wao. Kilichobadilishwa ni nguo, na mwalimu. Sitara ilipewa haki yake katika namna, na bahari ikapewa haki yake katika jambo lenyewe. Baada ya hapo wasichana ambao kila mtu alijua kuwa si watu wa majini walionekana wamelala chali juu ya maji, macho wazi, wakipumua.

Malindi haina mpango kama huo niujuao. Ina ngazi za bandari ambako abiria wa Pemba hupandia boti, na kina cha maji hapo kinamfunika mtu mzima. Msichana wa mtaa huo aendaye likizo kwa bibi yake Wete hupita juu ya maji hayo mara mbili kwa mwaka, akiwa na mkoba wake mapajani, na ikiwa ni kama wengi wa rika lake, hajapata kufundishwa hata kuelea.